Kuchoma nyama katika Ituri: historia ya moto wetu na mafundisho yake



Mtu akisoma kichwa cha habari hii pengine atacheka. Atasema: «Walimu wamekosa la kuandika? Kuchoma nyama nayo ni desturi?» Hata sisi, chama kilipotuomba kuandika juu ya desturi moja ya kwetu, tulifikiri kwanza ndoa, matanga na majina ya watoto. Lakini mambo hayo wameyaandika wengine wanaoyajua kuliko sisi. Kisha jioni moja, tukitoka masomoni, tulipita kwenye barabara kubwa ya Bunia saa ile wachomaji wanawasha mbabula zao. Tukajiuliza: hawa vijana walifundishwa na nani? Na wale waliowafundisha, wao walijifunza wapi?

Tulipoanza kuuliza wazee, tuliona kwamba nyama ile ya jioni ina historia ndefu. Ndani yake kuna pori, kuna ziwa, kuna milima ya mifugo, kuna msafara wa Wangwana, kuna mgodi wa dhahabu na kuna vita. Tuliona pia kwamba kila namna njema ya kuchoma, ile vijana wanaifikiri ni «ujanja wa mji», ilitoka mahali fulani kwa watu fulani. Hiyo ndiyo tunataka kuonyesha hapa: moto wa Bunia haukuwashwa na kabila moja. Mwishoni tutatoa mashauri machache, sawa vile mwalimu anavyomaliza somo kwa mazoezi.

1. Neno lenyewe

Tuanze na lugha. Katika Kiswahili, kuchoma kuna maana mbili. Mwiba unachoma, shindano ya daktari inachoma, mkuki unachoma. Moto nao unachoma. Basi brosheti yetu inachomwa mara mbili: kwanza na kijiti, kisha na moto. Watu wa pwani wanaiita mishikaki. Kenya na Tanzania wanasema nyama choma. Jirani zetu wa Uganda wanasema muchomo, neno lililotoka katika kitenzi kile kile. Sisi tumechukua brosheti kutoka Kifaransa kwa nyama ya kijiti, na mbuzi wa vipande vikubwa tunamwita michopo.

Na lile neno la Wazungu, barbecue? Hilo nalo halikuzaliwa Ulaya. Wahispania walilisikia kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, zaidi ya miaka 500 iliyopita, wakaliandika barbacoa. Kwa Wataino lilikuwa jina la kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mtu yeyote wa Mambasa akisikia maelezo hayo atasema: «Aa, huo ni uchanja wetu!» Ni kweli. Watu wa pori wa upande ule wa bahari na watu wa pori wa kwetu walifikia jambo moja bila kuonana.

Wazungu wanachoma nyama nje wakati wa joto lao, Juni mpaka Agosti. Sisi tuko karibu na ikweta, hatuna kiangazi cha namna hiyo. Kwetu jua kali liko Desemba mpaka Februari, na ndipo sikukuu za Noeli na Bonane zinaanguka. Kisha inakuja 30 Juni, sikukuu ya uhuru, na likizo kubwa ya wanafunzi. Hizo ndizo nyakati ambazo karibu kila lupango la Bunia linatoa moshi.

2. Moto wa pori

Moto wa kwanza ni wa pori la Ituri. Wambuti, na jirani zao wakulima kama Wabira na Walese, wamekaa na pori hilo tangu zamani sana. Wambuti waliwinda kwa nyavu au kwa upinde, na mnyama aliyepatikana mara nyingi alikuwa mboloko, yule mdogo anayeruka. Lakini katika pori lenye unyevu nyama haikai siku mbili. Ikioza, kazi ya kambi nzima imepotea.

Dawa yake ilikuwa uchanja. Walisimamisha nguzo nne, wakalaza fito juu, wakaweka nyama, na chini wakatunza moto mdogo wenye moshi. Nyama ilikaa pale saa nyingi, ikakauka pole pole. Nyama kavu ile ndiyo Wambuti walipeleka kwa wakulima ili kupata ndizi, chuma na tumbako. Bila uchanja, biashara ile kati ya pori na kijiji ingekuwa ngumu. Chakula kingine walikifunga ndani ya majani ya mangongo, yale yale wanayoezeka nayo vibanda vyao, kisha wakakiweka katika majivu ya moto. Jani linazuia moto usiguse nyama, na maji ya nyama yanabaki ndani.

Tuseme wazi: kuheshimu desturi hii si kurudisha kila nyama ya zamani mezani. Hifadhi ya Okapi iliundwa 1992, na UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia 1996. Sheria ya uwindaji iko tangu 1982. Na ugonjwa wa Ebola, uliopiga Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, umetufundisha kuogopa nyama ya nyani na popo, na ya mnyama aliyeokotwa akiwa amekufa. Tunachukua ujuzi wa uchanja. Nyani tunamwacha porini.

3. Moto wa ziwa

Moto wa pili uko chini, kwenye ziwa Albert. Mwingereza Samuel Baker alilifikia 1864 na kulipa jina la mume wa malkia wake, lakini watu walikuwa wakivua pale vizazi vingi kabla yake. Kutoka Kasenyi na Tchomia, samaki alipanda mlima mpaka Bunia juu ya vichwa vya wamama, na leo anapanda juu ya pikipiki na malori. Njia ni ndefu na jua la kule chini ni kali. Kwa hiyo samaki alitiwa chumvi, akaanikwa, au akawekwa juu ya moto.

Ng'ambo ya ziwa, kule Kibiro katika Bunyoro, wanawake wamechemsha chumvi kutoka udongo tangu karne nyingi. Kusini kuna chumvi ya Katwe, karibu na ziwa Edward, iliyopiganiwa na wafalme na Wazungu pia. Tunataja hayo ili vijana wajue kwamba chumvi ilikuwa mali. Mama wa zamani hakuimwaga ovyo. Aliipaka samaki kwa mkono, ndani na nje, akamwacha akauke, ndipo akamweka motoni.

Wamama wa Tchomia wanajua jambo ambalo wachomaji wengi wa mji hawajui: samaki mwenye maji anashika chuma. Ukimpindua mbio, ngozi inabaki kwenye wavu na mwili unaanguka katika makala. Samaki akikauka nje kwanza, na wavu ukipata moto na mafuta kidogo, anaachia mwenyewe. «Akiachia, pindua. Asipoachia, hajakuita,» mama mmoja alituambia, akacheka.

4. Moto wa milima

Moto wa tatu ni wa milima ya Djugu, Mahagi na Irumu, nchi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hapa hatutaki kusema kabila fulani ndilo lenye desturi na lingine halina. Tumeuliza Wahema, Walendu, Waalur, Wabira na Wando-Okebo. Wote walitujibu karibu namna moja: mnyama wa kufuga hakuchinjwa kwa njaa ya siku moja. Alichinjwa kwa ndoa, kwa mgeni, kwa kilio, kwa upatanisho.

Kwa sababu hiyo jambo kubwa la moto wa milima halikuwa utamu. Lilikuwa kugawa. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe: wazee, mjomba, wanawake wa nyumba, waliochinja, watoto. Hata leo katika nyumba nyingi za Bunia firigisi ya kuku haiguswi kabla ya baba wa nyumba kufika. Vijana wanaona ni ubinafsi wa wababa. Pengine wako na haki kidogo! Lakini desturi ilikuwa na maana. Mtu aliyepewa kipande mbele ya wote alijua kwamba anahesabiwa. Na aliyenyimwa alijua kwamba kuna neno la kutengenezwa kabla ya jua kutua.

Kugawa huko kulifundisha pia ujuzi wa nyama. Mzee aliyegawa alijua kwamba paja linafanya kazi kila siku, kwa hiyo ni gumu, na kwamba nyama ya mgongo, karibu na uti, ni laini. Aliijua nyuzi ya nyama inakwenda upande gani, na alikata kwa kuikingama. Leo mnunuzi anasema sokoni «nipe kilo moja», anatupa vyote pamoja juu ya moto, kisha analaumu mbuzi.

5. Moto wa mji

Moto wa nne ulikuja na njia. Kwenye miaka ya 1880, wafanyabiashara wa Kiarabu na Wangwana, watu wa Tippu Tip na wenzake, walifika mpaka mto Ituri. Stanley alipopita pori hili 1887, akielekea ziwa Albert kumtafuta Emin Pasha, alikuta kambi zao, kama Ipoto. Watu wengi wa msafara wake walikufa kwa njaa katika pori ambalo Wambuti walikuwa wanaishi ndani yake. Hiyo inatuonyesha ujuzi ni nini.

Hatuwezi kusifu Wangwana bila kusema ukweli. Walikuja kwa pembe na kwa watumwa, wakachoma vijiji. Babu zetu waliteseka. Lakini waliacha pia mchele na hasa lugha hii tunayoandika. Bila Kiswahili, mtu wa pori, mtu wa ziwa na mtu wa mlima wasingeweza kupatana bei ya nyama mahali pamoja.

Mahali pale pamoja, dhahabu ilipafanya. Ilivumbuliwa upande wa Kilo 1903, na uchimbaji ukaanza 1905. Mwaka 1926 kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa. Watu wa kila kabila waliletwa kufanya kazi, wengine kwa kulazimishwa, na wakulima wa jirani walilazimishwa kulisha migodi. Mfanyakazi alikaa mbali na mama yake na mjomba wake. Hakuna aliyemgawia kipande chake. Wazee wa Mongbwalu walitusimulia kwamba siku ya mshahara watu walinunua nyama kidogo, kila mtu kwa feza yake, wakaichoma pamoja jioni. Sisi tunafikiri brosheti ya mji inafanana na maisha yale: vipande vidogo, kijiti kimoja kwa mtu mmoja, na malipo pale pale.

Sisi wenyewe moto huu tuliujua kwa njia ya shida. Baba yetu alikuwa mwalimu. Kwenye miaka ya 1990 mshahara wa Serikali ulikuwa jina tu, na feza ya Zaïre ilipoteza bei kila juma. Mama akaweka mbabula mbele ya nyumba. Aliuza mahindi, ndizi, na siku za soko nyama ya mbuzi. Minerval yetu ilitoka katika mbabula ile. Wengi wanaosoma kitabu hiki wanaweza kusema vile vile juu ya mama zao.

Mama hakuwa na saa ya kupima moto. Alikuwa na mkono wake juu ya wavu na neno moja: «Ngoja makala ivae shati nyeupe.» Alitaka kusema: ngoja mpaka majivu meupe yafunike makala yote. Wateja walikuwa wanapiga kelele, yeye alikuwa anakaa. Sisi watoto tulikuwa na njaa, yeye alikuwa anakaa.

Tulimsikia miaka mingi lakini hatukujifunza. Tulipokuwa wanafunzi wa masomo ya juu, wenzetu walitupa kazi ya kuchoma nyama ya karamu ya mwisho wa mwaka, wakisema: «Huyu mama yake ni muchomaji.» Wageni walikuwa wamekwisha kufika. Tukamwaga petroli juu ya makala, tukaweka nyama wakati moto ulikuwa bado unaruka. Nje ilikuwa nyeusi, ndani damu, na harufu ilikuwa ya lori. Mzee mlinzi wa usiku akaja, akatazama, akasema pole pole: «Batoto ya masomo, ile moto iko inakasirika bado. Moto ya kasirani haipike, inaunguza tu.» Akaondoa nyama yote, akatandaza makala, akakaa. Nusu saa nzima alikaa. Kisha akapika kile kilichoweza kuokolewa. Siku ile tulipata diploma ya kwanza.

6. Mwaka moshi ulipokosa

Hatuwezi kuandika historia ya moto wa Bunia na kuruka vita. Kutoka 1999 mpaka 2003 Ituri iliungua. Mwezi wa Mei 2003, askari wa Uganda walipoondoka, mji uliangukia katika mapigano ya makundi. Maelfu ya watu walikimbilia karibu na kambi ya MONUC na uwanja wa ndege. Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1484 tarehe 30 Mei, na mwezi wa Juni askari wa Ulaya wa operesheni Artémis wakafika. Walikaa mpaka Septemba.

Siku zile kulikuwa na moshi, lakini si wa nyama. Zilikuwa nyumba. Mtu aliyekaa Bunia wakati ule alijifunza kutofautisha moshi kwa pua, na hatutasema zaidi, kwa sababu watoto nao watasoma kitabu hiki. Mbabula za barabarani zilitoweka. Hakuna aliyethubutu kusimama nje jioni, na hakuna aliyetaka kula kutoka mkono wa mtu asiyemjua. Kila mtu alichoma kidogo chake ndani ya lupango, mlango umefungwa.

Kisha, kidogo kidogo, zikarudi. Tunakumbuka tulivyoona ya kwanza kando ya barabara: mama mmoja, mahindi machache, brosheti sita au saba. Watu walisimama mbali wakatazama. Halafu mmoja akanunua. Jioni nyingine walikuwa watano. Baada ya majuma machache tuliona kwenye wavu mmoja watu ambao miezi michache mbele walikuwa wanakimbiana. Hawakusalimiana sana. Mmoja alisema tu: «Mama, ongeza chumvi,» na mwingine akampitishia chumvi.

Hatusemi kwamba nyama iliondoa vita. Tangu mwisho wa 2017 damu imemwagika tena Djugu na Irumu. Ng'ombe wengi waliibiwa, wakimbizi walijaza kambi za Bunia, na mwezi wa Mei 2021 Serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa. Tunasema tu jambo tuliloliona: kula pamoja kutoka moto mmoja kunaomba imani, na imani ile ikirudi, moshi wa jioni ni kati ya alama zake za kwanza. Ndiyo sababu tunaona vibaya wakati mtu anafanya kazi hii ovyo.

7. Mashauri machache kwa wachomaji

Sasa tufike kwenye mazoezi. Hakuna hapa neno gumu. Kila shauri lina mwenyewe katika historia tuliyoisimulia.

Kwanza, chomea juu ya makala, usichomee juu ya ndimi za moto. Washa mapema, nusu saa au zaidi. Makala yakivaa «shati nyeupe», weka mkono wako juu ya wavu, kimo cha kiganja kimoja. Ukiweza kuhesabu pole pole mpaka nne au tano kabla ya kuuondoa, moto ni mzuri kwa brosheti. Ukiondoa kwa moja, ngojea.

Pili, usiwashe kwa petroli wala kwa mifuko ya plastiki. Vyote viwili vinaacha sumu na harufu katika nyama. Majani makavu, maganda ya mahindi na vijiti vinatosha.

Tatu, gawa mbabula yako pande mbili, moja yenye makala mengi, nyingine yenye machache. Hapo unapata moto wa mji na moto wa uchanja pamoja. Nyama ianze kwenye moto mkali ili ipate rangi, kisha imalizike upande wa pole. Kuku mzima, paja la mbuzi na samaki mkubwa wanataka upande wa pole zaidi.

Ine, ijue nyama yako. Kata kwa kukingama nyuzi, vipande viwe na ukubwa mmoja, visibanane kwenye kijiti. Nyama ngumu ilaze saa moja au mbili na kitunguu, tangawizi na ndimu, au uifunge katika majani ya paipai yaliyopondwa. Utomvu wa paipai unalainisha kweli, lakini usiilaze usiku mzima, nyama itakuwa kama uji.

Tano, kausha kabla ya kuchoma. Nyama au samaki mwenye maji anachemka, hachomeki. Pangusa, paka mafuta kidogo, paka chumvi. Pilipili yenye kusagwa na mchuzi wa nyanya viwekwe mwishoni, kwa sababu vinaungua mbio na kuwa vichungu.

Sita, tuangalie vijiti. Vya miti au mianzi vilazwe katika maji nusu saa. Wengine wanatumia waya za gurudumu la kinga. Tunawasihi waache zile zenye rangi ya kung'aa, kwa sababu ule mpako haukutengenezwa kwa chakula.

Saba, usitoboe nyama kila mara na usiikandamize. Mafuta yakidondoka, moto unaruka na moshi mweusi unapanda. Sehemu nyeusi iliyoungua si dawa ya afya, ikate uitupe.

Nane, kuku na nguruwe waive mpaka ndani. Kwa nguruwe hatufanyi mchezo: mnyoo wa nguruwe uko katika nchi yetu, na mayai yake yanaweza kuharibu ubongo wa mtu. Kata kipande kinene katikati. Kikiwa na rangi ya damu, kirudishe. Sahani iliyobeba nyama mbichi isibebe nyama iliyoiva kabla ya kuoshwa.

Tisa, nyama ikitoka motoni, iache ipumzike dakika tano, kumi kwa paja. Ukikata mara moja, sehemu ya maji yake inabaki kwenye ubao.

Kumi, mbabula isilale nyumbani. Usiku wa Bunia una baridi, na watu wengine wanaingiza mbabula yenye makala katika chumba kilichofungwa. Hewa ya makala haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Iache nje.

8. Makala yanatoka wapi?

Hapa tunaomba wasomaji wasichoke, sababu hapa kuna hatari. Kila mfuko wa makala unaouzwa Bunia ulikuwa mti. Katika tanuru la udongo, kama letu la kawaida, kilo 100 za mti mkavu zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Kilichobaki kimepanda juu. Milima inayozunguka mji imekuwa wazi, na malori yanatafuta makala mbali, upande wa Komanda na Mambasa, katika pori lile lile lililotufundisha uchanja. Nchi iko na Kanuni ya misitu tangu 29 Agosti 2002, lakini sheria ya karatasi haipandi mti.

Mchomaji anaweza kufanya kidogo. Asianze na mfuko mzima. Nyama ikimalizika, makala yaliyobaki ayaweke katika kopo lenye kifuniko. Yakikosa hewa yanazimika, na kesho yanawaka tena. Anunue makala ya mikaratusi iliyopandwa akiyapata. Na sisi walimu tupande na wanafunzi miti nyuma ya shule, ili siku moja watoto wao wasisome habari ya moto katika kitabu tu.

Kumaliza

Mama yetu hayuko tena. Mbabula yake iko kwetu, imetoboka upande mmoja, na mwaka jana fundi aliitia kiraka. Siku ya Bonane tunaiwasha. Watoto wetu wanakuja na simu zao, wanauliza: «Papa, bado?» Tunajibu: «Bado.» Wanarudi tena: «Bado tu?» Tunawaambia wakae chini, tunawasimulia pori, ziwa, milima na mgodi, mpaka makala yavae shati nyeupe.

Kisha tunagawa, na kipande cha kwanza kinakwenda kwa jirani. Si wa kabila letu. Mwaka 2003 alikimbilia upande mwingine wa mji, na sisi upande wetu. Kila Bonane analeta chumvi.